Aya ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Julai imeingia mpaka mifupani. Nimeamka nikakuta Zuhura ameshawasha jiko la mkaa, maji yangu ya kuoga yako tayari na chai ya tangawizi inatoa mvuke. Amejifunga kitenge juu ya sweta langu. Sweta langu mimi. Linampendeza kuliko linavyonipendeza mwenyewe. Nimetembea kutoka Ruhuwiko mpaka mjini natabasamu peke yangu. Kijana mmoja wa bodaboda kaniuliza kama nimeokota hela.

Mwezi wa tatu wa ndoa. Bado mtu akisema "mke wako" moyo unaruka.

Stesheneri kama kawaida. Mama Haule, bosi wangu, alikuwa ameshafungua. Nimechapa barua za kuomba kazi, mtihani wa darasa la sita, kadi ya kipaimara. Printa ndogo inatafuna karatasi tena.

Mchana Zuhura akaja dukani. Uso ule sijawahi kuuona. Chuo kimemrudishia utafiti wake.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumanne, 15 Julai

Niandike vizuri, nitulie.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kijijini huko Tunduru kwao. Yuko kwenye ruhusa ya masomo, na ruhusa inaisha mwezi huu. Utafiti wake ni juu ya watoto wanaozungumza Kiyao nyumbani halafu wanakuja kujifunza kusoma kwa Kiswahili. Ni mzuri sana. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini nilipokuwa nauchapa nilikuwa nasahau kula.

Ndiyo, nimeuchapa mimi. Ilikuwa zawadi yangu ya harusi. Nilimwambia wengine watakupa vitenge na masufuria, mimi nitakupa vidole vyangu. Akalia. Mimi pia nililia kidogo.

Msimamizi wake ameandika hivi: maudhui ni mazuri, lakini aya hazina mpangilio wowote, vichwa vya habari viko chini ya kurasa, maandishi yanakimbia. Arekebishe na kurudisha faili kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 25. Akichelewa, atasubiri awamu nyingine.

Awamu nyingine maana yake ni hii. Shule moja hapa Ruhuwiko ina nafasi, mwalimu mkuu ameshakubali kumpokea, na karatasi za uhamisho zinasubiri barua ya chuo tu kwamba amemaliza. Barua isipokuja, tarehe mosi Agosti Zuhura anarudi Tunduru. Mimi nitabaki huku na jiko la mkaa.

Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Jana nilimwapia Zuhura kwamba kazi ilitoka safi. Mwenyewe nilizishika zile karatasi. Leo nimelifungua faili lilelile kwenye kompyuta mpakato ya zamani ya Mama Haule. Nimeona aibu. Jina la mke wangu liko nusu ukurasa huu, nusu ukurasa unaofuata. Sura ya pili inaanzia mkiani mwa sura ya kwanza.

Nimeelewa. Sisi wa stesheneri tunafanya kazi kwa ajili ya karatasi. Mteja anataka karatasi. Kichwa hakijakaa katikati, unagonga spesi mpaka kikae. Ukurasa haujaisha, unagonga enta mpaka uishe. Karatasi ikitoka vizuri mteja analipa na kuondoka, na ya ndani hakuna anayeyaona. Lakini chuo hakikutaka karatasi. Kilitaka faili. Na faili likifika kwenye mashine nyingine, spesi zangu zote zinasambaa kama kuku waliofunguliwa bandani.

Nimerekebisha kwa mkono siku nzima. Nikivuta aya moja juu, tatu zinashuka. Nimefika ukurasa wa sita. Kazi ina kurasa zaidi ya mia.

Zuhura kaniletea kiporo cha wali na maharage dukani, akakaa pembeni yangu. Mkono wake begani kwangu. Mwanamke wa namna gani huyu.

Ijumaa, 18 Julai

Leo kuna mwanga.

Baada ya sala ya Ijumaa nilirudi dukani nikamkuta Kalinga. Ni karani wa manispaa, Mhehe wa Iringa, amehamia mwaka jana. Huja kuprinti kwetu wino wao ukiisha, na hukaa zaidi ya inavyohitajika kwa sababu mimi ni Mngoni, mtani wake. Nikarudi kuinamia skrini, nahesabu spesi kwa kidole. Kanitazama, kisha:

"Ninyi Wangoni ndiyo maana tuliwasumbua. Mnapigana na adui hata hamjamwona."

Nikamwambia aoneshe basi Wahehe wanaonaje. Akavuta kiti.

Ndani ya programu ya kuandikia kuna mahali unaweza kuandika maagizo mafupi. Yanaitwa makro. Unaiambia kompyuta pita kila aya, moja baada ya nyingine, iulize: una mtindo gani? Juu yako kuna nafasi kiasi gani? Chini? Umesogezwa kiasi gani kutoka pembeni? Kisha niambie. Basi. Haigusi kitu. Ni kama nesi anayepima joto wodi nzima.

Kalinga akaandika mistari michache, akabonyeza. Kiboksi kikatokea katikati ya skrini: Aya ya 1, na mambo yake yote. Nikapiga kofi. Siku zote hizi nilikuwa natazama nguo, sasa naona mwili.

Nikabonyeza OK. Kikaja kiboksi cha aya ya 2. OK. Aya ya 3. Kalinga akaaga, akasema ana kikao. Aya ya 20. Hapo ndipo nikagundua kwamba viboksi haviishi mpaka aya ziishe, na aya ni mamia, kwa sababu kila enta niliyogonga bure inahesabiwa kuwa ni aya. Faili limegoma kufungwa. Wateja wanasubiri. Nimebonyeza OK mpaka kidole kikafa ganzi, Mama Haule akiniuliza mashine imeshikwa na pepo gani.

Lakini nina furaha. Nimemsimulia Zuhura jioni tukichambua mchele. Amecheka mpaka ungo umemponyoka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeharibu.

Niliona makro ya Kalinga inachelewesha. Inaonesha tu, hairekebishi. Nikatafuta nyingine mtandaoni, inayosawazisha aya zote kwa mpigo mmoja. Nikaibandika, nikaibonyeza. Aya zote zikajipanga kama askari. Nikaona mimi ni mfalme. Nikasevu, kama tunavyosevu kila baada ya pumzi.

Zuhura akaja kuangalia. Akapekua ukurasa mmoja, mwingine, mwingine. Akauliza maneno ya watoto yako wapi.

Maneno yote ya Kiyao ambayo watoto waliyasema darasani yalikuwa yamelazwa, yaani kwa herufi za mlazo, ili msomaji aone hapa mtoto amezungumza kwa lugha ya mama yake. Mesi, mtoto akitaka kusema maji. Mwanache, akitaka kusema mtoto. Zuhura alikaa nami wiki nzima akinionesha kila neno la kulaza. Ndiyo roho ya utafiti wenyewe. Makro yangu imeyasimamisha yote. Sasa mesi inaonekana kama mtu kakosea kuchapa.

Hakunifokea. Ameuliza kwa sauti ya chini:

"Hamisi, uliyasoma kabla ya kuyagusa?"

Amepika, tumekula, hajamaliza chakula chake. Amelala ameelekea ukutani.

Ni mara ya kwanza tangu tuoane.

Jumapili, 20 Julai

Tulishaahidi kwenda Maposeni kumsaidia Shangazi kupukuchua mahindi. Tumekwenda. Njiani ametangulia mbele yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Zuhura kamwamkia shikamoo, akavua viatu, akakaa naye mkekani, magunzi yakaanza kurundikana. Mimi nilibeba magunia. Shangazi haambiwi jambo, analiona. Kamuuliza Zuhura, kwa sauti ya kunifikia mimi kule ghalani:

"Mwanangu, unaiona ile saa ukutani? Ilikuwa inachelewa kidogo. Mumeo akairekebisha, yuko darasa la tano. Tangu siku hiyo hapa kwangu ni saa sita kasoro robo."

Zuhura kacheka. Alitaka kujizuia, akashindwa. Nilisimama na gunia mgongoni nikasikiliza kicheko kile kama mtu aliyesikia mvua baada ya kiangazi.

Jioni tukirudi, mahindi ya kuchoma mkononi, aliongea. Alisema hakukasirikia kosa. Alikasirika kwa sababu sikumuuliza. Alisema ndivyo ninavyofanya, hata uji, natia sukari kabla sijajua kama anaitaka. Haitaki. Miezi miwili na nusu mke wangu anakunywa uji mtamu kwa ajili yangu.

Kisha akanishika mkono mbele za watu, yeye ambaye ni mwenye haya sana.

"Usinirekebishie. Nitazamie tu, uniambie unachokiona. Tutarekebisha wote."

Na akasema jambo ambalo mimi kwa hofu yangu sikulifikiria. Lile faili bovu alilolituma chuo, lile lililorudishwa, bado liko kwenye barua pepe yake. Limevurugika, lakini maneno ya watoto humo bado yamelala.

Nampenda. Sijui niandike nini kingine.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Kalinga. Kanielekeza namna ya kuifanya makro iandike majibu yake yote kwenye faili jipya, bila viboksi. Kanicheka sana kuhusu viboksi. Kasema alijua. Mtani mbaya huyu.

Tumeshusha lile faili lililorudishwa. Nimeiendesha makro juu yake. Ikapita kimya, kurasa za majibu zikajaa. Mstari mmoja kwa kila aya: namba, mtindo, nafasi, na maneno yake machache ya mwanzo. Nikaruka jalada, nikaanza kusoma. Aya tupu, aya tupu, aya tupu. Nafasi kumi hapa, sifuri pale. Kila uchafu wangu una anwani yake.

Kisha nikafika hapa:

Aya ya 64. Mtindo: Marehemu. Juu 24. Chini 24. "Namshukuru mume wangu..."

Nikasoma mara ya pili. Hii ni ile aya ya shukrani. Namshukuru mume wangu, ambaye vidole vyake vimechapa kila neno lililomo humu. Na mtindo wake ni Marehemu.

Mimi si mtu wa ushirikina, lakini nilisoma dua kimoyomoyo. Zuhura alikuwa anaingia mlangoni. Nikaifunika skrini kwa kiganja, kama mtoto. Akakiondoa kiganja changu, kidole kwa kidole. Akasoma. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Ameketi chini sakafuni akicheka.

Mama Haule akaja kuona kuna nini. Akajishika kiuno, akatusimulia. Alipofungua duka hili kazi yake ya kwanza ilikuwa ratiba ya mazishi. Alikuwa ametoka kusoma kompyuta, akatengeneza mtindo wa kuandikia jina la marehemu, katikati, herufi nene, nafasi juu na chini. Ukapendeza. Kazi iliyofuata akafungua faili lilelile, akafuta maneno, akaandika mengine. Na iliyofuata hivyohivyo. Na mimi nilipoajiriwa nikaoneshwa hivyohivyo: fungua la zamani, futa, andika. Kwa hiyo kila kitu kilichotoka dukani hapa ni mtoto wa ratiba ile ya mazishi. Jina la mtindo siku zote liko juu pale kwenye kona. Sijawahi kulisoma. Nilitaka aya inayonihusu ipendeze, nikachukua umbo la jina la utafiti pale jaladani, nikalipaka kwenye aya yangu.

Nikakumbuka kitu. Nikafungua kadi ya harusi yetu. Nikaendesha makro.

Hamisi na Zuhura. Mtindo: Marehemu.

Mama Haule kapiga ishara ya msalaba, akasema basi nusu ya ndoa za mji huu zimefungwa makaburini. Zuhura, machozi ya kicheko yakimtoka, akanivuta mkono:

"Twende tukale, marehemu wangu."

Jumanne, 22 Julai

Tunafanya kazi. Mama Haule ametuachia mashine ya pembeni, mchana wote, ilimradi mimi niendelee na wateja wakija. Mwanamke mwema.

Zuhura anasoma majibu ya makro kwa sauti ya ualimu: "Aya ya mia na mbili, tupu." Mimi naondoa. "Aya ya mia na tatu, imesogezwa kwa spesi." Naondoa spesi, naipa mtindo wake halali. Tumetengeneza mitindo yetu. Kichwa. Aya. Na mmoja wa maneno ya Kiyao, tumeuita Mtoto. Sasa maneno yale yamelala kwa amri, siyo kwa bahati.

Kila tukimaliza sura tunaiendesha makro tena, tunatazama. Hatugusi kabla ya kutazama.

Asubuhi nimemtilia uji. Nimemuuliza.

Alhamisi, 24 Julai

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mji mzima. Faili limekwisha, liko kwenye flashi, na hakuna mashine inayowaka. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Nilikaa kizingitini. Nikaanza kuiona ile njia ya Tunduru, basi, mkono wake dirishani.

Zuhura hakukaa. Kabeba kompyuta mpakato ya Mama Haule, kaenda kwa fundi simu upande wa pili wa barabara, ana sola. Kijana akaondoa simu za watu kwenye waya, akatuchomekea. Tukasubiri tukila karanga. Ikawaka.

Kabla ya kutuma nikataka jambo moja. Nikaomba tulifungue kwanza kwenye kompyuta ya fundi, mashine isiyotujua kabisa. Nilifumba macho. Zuhura ndiye aliyetazama. Akapekua mpaka mwisho, nasikia kidole tu kikibonyeza.

Kila kitu mahali pake. Sura inaanza ukurasa mpya. Jina lake zima, mstari mmoja. Maneno ya watoto yamelala.

Tumetuma kwa bando la simu ya Zuhura wakati wa alasiri. Umeme umerudi tukiwa tunafika nyumbani.

Jumatatu, 28 Julai

Hakuna jibu. Zuhura amekunja nguo zake chache akaziweka kwenye begi, endapo. Begi liko nyuma ya mlango. Nalichukia begi lile. Leo nililigonga kwa mguu, nikamwambia limeanguka lenyewe.

Mwalimu mkuu kapiga simu kuuliza. Tumesema bado.

Mama yake naye kapiga kutoka Tunduru. Anasema chumba kimefagiliwa, kama mtoto anarudi karibu, kama harudi pia ni heri. Mama mkwe mwenye hekima. Nimemwamkia, nikamrudishia Zuhura simu.

Jumatano, 30 Julai

Imekuja. Imekuja, imekuja, alhamdulillahi.

Nilikuwa naprinti mabango ya mkutano wa wazazi. Akaingia na simu mbele yake kama anabeba yai. Nikasoma. Kazi imepokelewa, mpangilio uko sawa, imekubaliwa. Barua ya kumaliza imeambatanishwa. Msimamizi ameongeza mstari mmoja, kwamba maneno ya watoto yamemgusa, na ameyaona yote.

Nimemwinua juu mke wangu mbele ya wateja. Mama Haule amegeuka ukutani kwa heshima, kisha akasema karatasi zinakwama kwenye printa. Zilikuwa zimekwama kweli.

Kalinga ameambiwa. Kasema Wangoni mmeshinda vita moja, mwandike kwenye historia. Nimemwandikia hapa.

Mwalimu mkuu amepokea barua. Zuhura anaanza Jumatano ijayo.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Sasa ni la kwenda kuchukua vitu vyake.

Jumamosi, 2 Agosti

Zuhura aliondoka jana kwa basi la asubuhi, kumsalimia mama na kuwaaga wanafunzi wake. Anarudi Jumatatu, inshallah. Nyumba kubwa ghafla. Vyumba viwili tu lakini kubwa. Sweta langu kaondoka nalo.

Nimekunywa uji bila sukari. Si mbaya.

Dukani hakuna wateja, baridi na ukungu. Mama Haule kaniruhusu niprinti nakala ya utafiti, ya kwenda kutiwa jalada gumu. Ni lile faili tulilotuma, Zuhura aliliacha kwenye mashine ya pembeni. Kabla ya kuprinti, kwa mazoea sasa, nikaendesha makro.

Ikapita. Majibu machache, safi. Aya tupu hakuna. Kichwa, Aya, Aya, Mtoto ndani yake. Ile aya ya shukrani haiko tena ya sitini na nne. Enta zangu zilizokuwa mbele yake zimeondoka. Imekuwa ya kumi na tisa.

Aya ya 19. Mtindo: Mume.

Sikuutengeneza mimi mtindo huo. Sijui aliutengeneza saa ngapi. Labda siku ile umeme ulipokatika, mimi nikiwa nimefumba macho.

Nimetazama tu. Sijagusa.